Besi kama Mizani: Sauti, Ukurasa na Safari ya Linton Kwesi Johnson kutoka Clarendon hadi Majukwaa ya Ulaya

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi ya Linton Kwesi Johnson, mshairi na msanii wa rege mzaliwa wa Jamaika aliyejipatia jina Uingereza na baadaye katika nchi nyingine za Ulaya. Hoja kuu ni kwamba mdundo wa besi katika kazi zake ndio mizani ya ushairi wenyewe, na kwamba mhakiki anayeutenga na maneno huhakiki kitu kingine. Hoja hiyo inapimwa kwa kulinganisha albamu mbili: LKJ in Dub (1980), ambamo sauti ya mshairi imeondolewa karibu yote, na LKJ A Cappella Live (1996), ambamo ala zote zimenyamazishwa. Makala yanadai pia kuwa kupanda kwake ugenini kulitokana na taasisi ndogo za Weusi wa London kabla ya kutokana na kampuni za muziki, na kuwa heshima aliyopewa na wachapishaji wakubwa mwaka 2002 imezaa hatari ya kusomwa pasipo kusikika.

Utangulizi

Simulizi ya mwanamuziki wa rege aliyefanikiwa ng'ambo imekwisha kuwa na kiunzi chake. Kijana hutoka katika ufukara wa Kingston, hugunduliwa na mtayarishaji mwenye sikio, husafirishwa London, na dunia humpokea. Kiunzi hicho kimejengwa juu ya maisha ya Bob Marley, nacho hutumiwa kuwapima wengine wote. Johnson hakiingii. Hakukulia Kingston. Alifika London akiwa mtoto wa shule, wala hakufika kutafuta studio. Alipotoa santuri yake ya kwanza alikuwa tayari na vitabu viwili vya ushairi. Tena, kwa maana ya kawaida ya neno, haimbi: hughani kwa sauti nzito, tulivu, isiyopanda wala kushuka sana, huku bendi ikiendelea nyuma yake.

Kwa sababu hiyo uhakiki juu yake umegawanyika pande mbili. Wahakiki wa muziki husifu bendi na uchanganyaji wa sauti, kisha huyapokea maneno kama kauli mbiu za maandamano. Wahakiki wa fasihi huchukua matini, huzichambua taswira na msimamo wake wa kisiasa, na kuuona muziki kama karatasi iliyofungiwa zawadi. Kila upande umebeba nusu ya mzigo na kudai umeubeba wote.

Mgawanyo huu una ugeni fulani kwa msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili. Aliyewahi kusikia utenzi ukighaniwa hahitaji kushawishiwa kwamba mahadhi ni sehemu ya utungo. Mizani huhesabiwa kwa sikio kabla ya kuhesabiwa kwa jicho, na istilahi zetu zenyewe, kibwagizo na kiitikio, zimetokana na vinywa vya watu waliokaa pamoja. Kwa hiyo swali linaloulizwa hapa halitakuwa kama maneno ya Johnson ni ushairi au ni nyimbo. Swali ni hili: mizani yake inakaa wapi?

Kutoka Clarendon hadi Brixton

Johnson alizaliwa tarehe 24 Agosti 1952 katika mji mdogo wa Chapelton, eneo la Clarendon, nchini Jamaika. Mama yake alipotangulia Uingereza kutafuta kazi, mtoto alibaki na bibi yake, katika jamii ya wakulima wadogo. Bibi hakujua kusoma. Mjukuu ndiye aliyekuwa akimsomea Biblia, hasa Zaburi na Mithali, na Johnson amesimulia mara nyingi kuwa huko ndiko alikokutana na fasihi kwa mara ya kwanza. Jambo hili lina uzito kwa mhakiki. Maandishi yake ya kwanza yalikuwa maandishi ya kusomwa kwa sauti, mbele ya msikilizaji ambaye kwake hakukuwa na ukurasa.

Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 11, alimfuata mama yake Brixton, kusini mwa London. Shule ya Kiingereza ilimpa Kiingereza sanifu na ikamfundisha kuwa lugha ya bibi yake ni makosa. Elimu nyingine aliipata nje ya shule, katika tawi la vijana la vuguvugu la Black Panther la Uingereza. Humo ndimo alimokutana na kitabu cha W.E.B. Du Bois, The Souls of Black Folk, na kutambua kuwa kumbe yapo maandishi makubwa ya watu Weusi ambayo mwalimu wake hakuwahi kuyataja. Humo pia alishiriki warsha ya ushairi, kisha akaungana na washairi na wapiga ngoma katika kundi lililoitwa Rasta Love. Ushairi wake, basi, ulifuatana na ngoma miaka kadhaa kabla kampuni yoyote ya santuri haijamjua.

Taasisi zilizomlea zilikuwa ndogo, nyingi zikiendeshwa kwa kujitolea. Palikuwa na Keskidee, kituo cha sanaa cha Weusi kaskazini mwa London, ambako alifanya kazi kama ofisa wa maktaba na elimu. Palikuwa na duka na shirika la uchapishaji la New Beacon la John La Rose, Mtrinidad aliyekuwa kwake kama mlezi, na palikuwa na mwandishi Andrew Salkey. Palikuwa na jarida la Race Today, lililotoa kitabu chake cha kwanza, Voices of the Living and the Dead, mwaka 1974. Mwaka uliofuata kitabu cha pili, Dread Beat an' Blood, kilitolewa na Bogle-L'Ouverture, shirika la Jessica na Eric Huntley.

Shirika hilo la mwisho linamhusu moja kwa moja msomaji wa Afrika Mashariki. Ndilo lililoshirikiana na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam mwaka 1972 kutoa How Europe Underdeveloped Africa, kitabu ambacho Walter Rodney alikiandika akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo mlango uliopitisha hoja ya kihistoria kutoka Mlimani kwenda London ndio uliompitisha kijana wa Brixton pamoja na mashairi yake ya Patwa. Uhusiano huo haukuishia kwenye orodha ya vitabu, kama itakavyoonekana mwishoni.

Kutoka kitabuni hadi kwenye santuri

Kuingia kwa Johnson katika tasnia ya muziki kulianzia mezani. Alikuwa akiiandikia kampuni ya Virgin wasifu wa wasanii wa rege na maelezo ya majalada, kazi ya kibarua iliyomwezesha kuishi. Nafasi ya kurekodi ilipopatikana, albamu Dread Beat an' Blood ilitoka mwaka 1978 kwa jina la Poet and the Roots. Baada ya hapo alihamia Island, na mambo yakaenda kasi: Forces of Victory mwaka 1979, kisha Bass Culture na LKJ in Dub, zote mbili mwaka 1980.

Aliyezijenga sauti za santuri hizo ni Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados aliyekulia London na aliyekuwa mwanzilishi wa bendi ya Matumbi. Ushirikiano wa wawili hawa ni wa kipekee katika rege, kwa kuwa haukufuata desturi ya Kingston ya kumwita mwimbaji aje kupanda juu ya mdundo uliokwisha kurekodiwa kwa ajili ya wimbo mwingine. Johnson ameeleza kuwa anapotunga huwa na mstari wa besi nyuma ya akili yake. Kazi ya Bovell ilikuwa kuutoa mstari huo kichwani mwa mshairi na kuutia mikononi mwa wapiga ala. Mdundo wa kila utungo ulizaliwa pamoja na utungo wake.

Wakati huo kampuni za London zilikuwa zikitafuta hadhira ya rege miongoni mwa vijana wa Kizungu, hasa wale wa mkondo wa punk, na hasira ya Johnson dhidi ya polisi na chama cha kibaguzi cha National Front iliwafaa wauzaji. Hapo palikuwa na mtego, naye aliuona. Hakuifanya santuri kuwa ajira yake kuu. Alibaki katika kundi la Race Today, akaanzisha LKJ Records mwaka 1981, na baada ya albamu ya tamasha ya 1985 hakutoa albamu mpya ya studio hadi Tings an' Times ya 1991. Katika kipindi hicho alifanya kazi ya uandishi wa habari, ikiwemo katika kipindi cha televisheni cha The Bandung File. Mameneja wangekiita kipindi hicho upotevu wa soko. Mhakiki anaweza kukisoma vingine, maana mashairi ya 1991 yana subira ambayo yale ya 1980 hayakuwa nayo.

Mizani inakaa wapi

Mjadala wa mizani katika ushairi wa Karibi hauwezi kuendeshwa bila Kamau Brathwaite, mshairi wa Barbados aliyedai kuwa mapigo ya ushairi wa Kiingereza cha shule hayawezi kubeba uzoefu wa visiwa vyenye tufani. Jina lake la Kamau, itakumbukwa, alipewa Limuru mwaka 1971 na bibi yake Ngũgĩ wa Thiong'o. Brathwaite aliitafuta mizani mbadala katika kalipso, katika jazi na katika ngoma za ibada. Johnson aliipata mahali finyu zaidi: katika gitaa la besi.

Ni vyema kueleza utendaji wake kwa ufupi. Katika mdundo wa kawaida wa rege, pigo la kwanza, ambalo muziki mwingi wa Magharibi hulikazia, huachwa wazi au kupigwa kwa upole. Uzito wa ngoma hushukia pigo la tatu. Gitaa la juu hukata baina ya mapigo. Besi, kwa upande wake, hucheza kifungu kifupi chenye noti chache na mapengo mengi, kisha hukirudia tena na tena. Masikio husubiri katika yale mapengo. Mshairi anayetunga juu ya kifungu hicho hapewi idadi ya silabi: anapewa muda, na ndani ya muda huo anaweza kuweka silabi mbili au kumi, mradi mkazo uangukie panapostahili. Kwa istilahi zetu, mizani ya Johnson haihesabiki kwa silabi za mshororo. Inahesabika kwa mzunguko wa besi.

Utungo unaodhihirisha hili kuliko mingine ni "Sonny's Lettah", uliomo katika Forces of Victory. Umo katika umbo la barua. Kijana aliye katika gereza la Brixton anamwandikia mama yake kumweleza yaliyompata mdogo wake Jim, ambaye alikuwa ameahidi kumtunza. Walikuwa wakisubiri basi jioni, gari la polisi likasimama, polisi watatu wakashuka na kumkamata Jim bila kosa. Walipoanza kumpiga, Sonny aliingilia, na katika purukushani polisi mmoja akaanguka na kufa. Jim ameshtakiwa kwa kushukiwa, Sonny kwa mauaji. Sheria inayoshambuliwa hapa ilitokana na Sheria ya Uzururaji ya 1824, iliyomruhusu polisi kumkamata mtu kwa kumshuku tu kuwa anakusudia kutenda kosa. Kifungu hicho kilifutwa mwaka 1981, baada ya kampeni ndefu ambayo utungo huu ulikuwa sehemu yake.

Barua inaanza kwa adabu zote za barua: anwani, tarehe, salamu, dua ya afya njema. Mishororo ni mirefu na mwendo ni wa mtu anayechagua maneno ili asimshtue mzazi. Kipigo kinapoanza, mishororo inakatika. Kila pigo linapata mshororo wake mfupi, wenye vina vya ndani, kiungo kimoja cha mwili baada ya kingine. Kisha kiima cha kitenzi kinabadilika: waliokuwa wakipiga wanapigwa, na umbo la mshororo linabaki lile lile. Ni muhimu kusikia kuwa wakati haya yote yanatokea besi haikimbii. Inazunguka kwa mwendo ule ule iliokuwa nao wakati wa salamu. Msomaji wa ukurasa huona mishororo mifupi na kudhani kasi imeongezeka. Msikilizaji hupata kitu cha kutisha zaidi: vurugu iliyopangwa ndani ya muda usioyumba, kama inavyosimuliwa na mtu ambaye amekwisha kuirudia kichwani mara nyingi akiwa rumande. Utulivu ule wa besi ndio unaomfanya Sonny kuwa shahidi anayeaminika.

"Inglan Is a Bitch", iliyomo katika Bass Culture, hutumia mbinu tofauti. Mhamiaji mzee anahesabu kazi alizofanya tangu afike: reli ya chini ya ardhi, kuosha vyombo hotelini, kuchimba mitaro wakati wa baridi, kiwandani, na mwishowe kupunguzwa kazini akiwa na miaka 55. Baada ya kila kazi kinarudi kibwagizo, ambacho nusu yake ya kwanza haibadiliki na nusu ya pili hubadilika kidogo kila mara. Kibwagizo cha namna hii si kigeni kwa sikio la Mswahili. Jipya ni kwamba marudio ya besi chini yake yamekuwa mfano wa zamu za kazi: kila mzunguko ukiisha, unaanza ule ule. Umbo linasema kile ambacho mzee mwenyewe ni mcheshi mno kukisema waziwazi.

Suala la tahajia linastahili kutajwa papo hapo. Johnson huandika Patwa kwa tahajia anayoibuni kufuata matamshi: "Inglan", "fi", "di", "dem". Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sauti za kihafidhina katika magazeti ya London zilimlaumu kuwa anaharibu elimu ya vijana. Wanaokumbuka lawama walizopewa watunzi wa mashairi huru ya Kiswahili katika muongo wa 1970 wataitambua hofu hiyo, ingawa ilivaa nguo nyingine. Kwa mtazamo wa makala haya, tahajia ile ni zaidi ya tangazo la utambulisho. Ni nukuu ya muziki. Humlazimisha msomaji kusoma kwa mdomo, kwa kuwa jicho pekee haliwezi kuzitambua baadhi ya sura za maneno mpaka yatamkwe, na likishatamkwa neno, mkazo wake huja nalo.

Hayo hayana maana kwamba kila utungo umefaulu. Mashairi mengi ya kipindi cha kwanza yamejaa damu, moto, radi na maneno ya kinabii ya Kirasta yanayorundikwa bila tukio la kuyashikilia. "Five Nights of Bleeding" inaokoka kwa sababu ina usiku, mahali na vijana wanaochomana visu wao kwa wao katika dansi. Mengine hayana hata hayo. Kwayo besi inafanya kazi ambayo maneno yamekataa kuifanya, na hapo ndipo wahakiki wa muziki wanapokuwa na haki ya kusikiliza bendi tu.

Majaribio mawili

Ikiwa besi ni mizani, lazima ipatikane njia ya kulithibitisha hilo. Johnson na Bovell wenyewe wametuachia majaribio mawili.

La kwanza ni LKJ in Dub. Dabu ni sanaa ya studio iliyoanzia Jamaika. Fundi wa sauti huchukua wimbo uliokwisha kurekodiwa, huondoa sehemu kubwa ya uimbaji, huacha besi na ngoma, kisha hurudisha vipande vya ala na sauti kwa mwangwi. Bovell aliyafanyia hivyo mashairi kadhaa ya albamu mbili zilizotangulia. Maneno yameondoka, hivyo kinachobaki, kwa hoja ya makala haya, ni mizani tupu.

Matokeo hayalingani, na kutolingana huko kuna mafunzo. "Bitch Dub" inasimama imara. Msikilizaji aliyemsikia yule mzee anayehesabu kazi zake huzitambua nafasi za kibwagizo ingawa hakitamkwi, na kinyamavu kile kinamkaa vibaya, kwani zamu zinaendelea bila mtu wa kulalamika. "Peach Dub" ni habari nyingine. Utungo wake wa asili, "Reggae fi Peach", ni tanzia ya Blair Peach, mwalimu mzaliwa wa New Zealand aliyekufa baada ya kupigwa katika maandamano ya kupinga National Front huko Southall, tarehe 23 Aprili 1979. Tanzia huishi kwa jina la marehemu. Jina likiondolewa, kinachobaki ni muziki mzito na mzuri wa huzuni ambao ungeweza kumhusu yeyote. Mizani imebaki na utungo haupo.

Jaribio la pili lilikuja miaka 16 baadaye. Katika LKJ A Cappella Live mshairi yuko peke yake mbele ya hadhira. Kinachosikika mara moja ni kwamba hajifanyi msomaji wa mashairi. Anaghani kana kwamba bendi iko pale, akiacha mapengo mahali ambapo besi ingeyajaza, na hadhira inasubiri pamoja naye. Mizani haikuondoka na ala. Ilikuwa imehamia katika pumzi ya mghani na katika kumbukumbu za wasikilizaji. Hata hivyo ni dhahiri kuwa jaribio hili linategemea miaka mingi ya santuri na maonyesho na bendi. Mtu asiyewahi kumsikia Johnson na bendi angeyapokea yale mapengo kama kusita. Hapa hoja ya makala inapata mpaka wake: besi ni mizani kwa anayeijua, kama vile mahadhi ya utenzi ni mizani kwa aliyelelewa nayo.

Msikilizaji asiyeijua Patwa

Hadhira kubwa ya Johnson nje ya Uingereza imekuwa katika bara la Ulaya. Mashairi yake yametafsiriwa kwa Kiitaliano na Kijerumani, amepewa tuzo Italia, na albamu ya tamasha alilolifanya na bendi yake Paris ilitoka mwaka 2004. Wengi wa wasikilizaji hao hawaijui Patwa. Baadhi hata Kiingereza chao ni cha mashaka. Wanasikia nini?

Jibu rahisi ni kwamba wanasikia uasi kwa jumla, bidhaa ambayo rege imeiuza duniani kote. Kuna ukweli katika jibu hilo, na kuna hasara. Kichekesho cha mzee wa "Inglan Is a Bitch" hakivuki mpaka. Wala hauvuki upole wa "Reggae fi Dada", tanzia ya baba yake aliyefariki Jamaika mwaka 1982, ambayo hasira yake dhidi ya umaskini wa kisiwa inatoka katika kinywa cha mtoto aliyerudi kuzika. Msikilizaji wa Milano anayetikisa kichwa kwa besi ile anaweza kabisa asijue kuwa yuko matangani.

Lakini jibu hilo halitoshi, na kisa cha May Ayim kinaonyesha sababu. Ayim alikuwa mshairi Mjerumani mwenye baba Mghana, mmoja wa waanzilishi wa harakati za Weusi wa Ujerumani. Alifariki Berlin mwaka 1996, na Johnson akamtungia tanzia, "Reggae fi May Ayim", iliyomo katika More Time ya 1998. Utungo huo ni ushahidi kuwa safari ya Ulaya haikuwa ya upande mmoja. Mshairi aliyekwenda kutumbuiza alirudi na wafu wa kuwalilia. Zaidi ya hayo, jina la Mjerumani sasa limeingia katika mfululizo ule ule wa anwani, "reggae fi" huyu na "reggae fi" yule, ambao umekuwa kwa Johnson kama bahari ya pekee: tanzia ya mtu mmoja, inayoghaniwa juu ya besi, ikifungua swali la umma. Ni bahari ambayo haikuwapo kabla yake, na pengine ndiyo mchango wake mkubwa kuliko mashairi ya maandamano yaliyomfanya maarufu.

Ukurasa wa Penguin

Mwaka 2002 Penguin ilitoa Mi Revalueshanary Fren katika mfululizo wake wa Modern Classics. Johnson akawa mshairi wa pili aliye hai kuingia humo, baada ya Czesław Miłosz, na mshairi wa kwanza Mweusi. Mwaka 2020 alitunukiwa tuzo ya PEN Pinter. Mtu aliyewahi kulaumiwa kwa kuharibu lugha sasa alikuwa katika rafu ya vitabu vya kudumu.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuutania mpango huo mapema. "If I Woz a Tap-Natch Poet", iliyomo pia katika More Time, inachokozwa na kitabu cha marejeo cha Oxford kilichouzungumzia ushairi wa dabu kama namna ya kufidia unyonge. Mghani anajifanya mnyenyekevu: laiti angekuwa mshairi wa daraja la juu, angetunga utungo wa namna fulani. Katika kuwataja wakubwa anaochagua kulinganishwa nao anawaweka kina Christopher Okigbo wa Nigeria, Tchikaya U Tam'si wa Kongo, Nicolás Guillén wa Kuba na Brathwaite. Orodha yenyewe ni uhakiki. Inasema kwamba daraja la juu linaweza kupimwa bila kupitia London hata kidogo.

Tatizo la toleo la Penguin haliko katika heshima hiyo, aliyostahili zamani. Liko katika matumizi yake. Kitabu kikishaingia darasani, mwalimu hupata matini safi ya kuchambua, na santuri hugeuka kuwa kielelezo cha ziada, kama muda ukiruhusu. "Reggae fi Radni" inatosha kuonyesha kinachopotea. Rodney aliuawa kwa bomu ndani ya gari mjini Georgetown, tarehe 13 Juni 1980. Utungo haumtukuzi. Unaorodhesha wanayosema watu juu ya kifo chake, hawa wakisema hivi na wale wakisema vile, wengine wakimlaumu kwa kuuchukua uzito wa historia na kuubeba peke yake mgongoni. Mshairi hatoi hukumu ya moja kwa moja. Kwa jicho, orodha ile ni ya usawa, kila maoni na nafasi yake, na msomaji anaweza kudhani mshairi amejitenga na marehemu.

Kwa sikio haiko hivyo. Kila maoni hukoma, na besi hupita katika pengo kabla maoni yanayofuata hayajaanza. Msemaji mmoja baada ya mwingine anapewa muda sawa na kila mmoja anakatizwa na kifungu kile kile, ambacho hakiwajibu wala hakiwaungi mkono. Huo ndio msiba wenyewe kama unavyojulikana Georgetown, London na Dar es Salaam: watu wameketi, kila mmoja ana lake la kusema juu ya aliyekufa, na katikati ya kauli na kauli pana kimya ambacho hakuna anayekiweza.